Fyuzi ya Tatu

Mshonaji alikuwa na jirani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ukimwambia jambo saa tatu, saa nne unalikuta sokoni limeshatiwa chumvi. Kwa hiyo mshonaji alipoteleza ulimi na kusema kwamba ubao wake wa fyuzi unanuka kuungua, na kwamba anatafuta fundi yeyote wa kuubadilisha, alijilaumu hapo hapo. Kwa fundi yeyote alimaanisha fundi asiyekuwa mkwewe.

Kesho yake asubuhi mkwewe akabisha hodi, ngazi begani, ubao mpya kwenye boksi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani kakwambia?"

"Nani mwingine? Redio."

Zamani wangecheka mpaka washike mbavu. Mshonaji alimpisha tu mlangoni. Tangu binti yake afe, mwaka na miezi miwili sasa, alikuwa amekufa ganzi. Msibani hakutoa chozi. Alikula bila kusikia ladha na alishona bila kukosea hata mshono mmoja. Watu walimsifu kwa kujikaza, naye akawaacha wasifu, maana angewaelezaje kuwa hakujikaza hata kidogo? Hakuwa anasikia kitu.

Kitu pekee alichokisikia kilikuwa woga, na woga wenyewe ulikaa ndani ya fyuzi ya tatu.

Fyuzi hiyo ndiyo iliyoshika plagi za chumba cha kushonea. Ilikuwa na tabia ya kukatika kila pasi ilipowashwa, na wiki ile ya kazi nyingi ilimkatikia mara nne. Mkwewe alikuwa kazini mji wa mbali. Basi mshonaji akazima meni swichi kama alivyomwona mkwe akifanya, akachomoa fyuzi, akaondoa uzi wake mwembamba uliokatika, akatia waya mnene wa shaba aliouchuna kwenye feni mbovu. Aliufunga kwa fundo lake la vifungo: zungusha mara mbili, pitisha ncha ndani, kaza. Fyuzi haikukatika tena. Alijiona fundi, Mungu amsamehe, kwa siku tisa nzima. Siku ya kumi, mkwe akiwa ameshasafiri kurudi, binti yake alikuja kumsaidia kupiga pasi, miguu mitupu, juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Pasi ilikuwa mbovu. Fyuzi ilikuwa ikilisema hilo siku zote, naye ndiye aliyeinyamazisha.

Msibani watu hawakuyajua hayo. Walijua tu kwamba nyaya za nyumba ile alizifunga mkwe. Fundi umeme, wakanong'ona, mkewe kauawa na kazi ya mikono yake! Wateja wakamkimbia. Siku hizi anatengeneza simu kwenye kibanda kisichotosha hata kujinyoosha. Mshonaji aliyasikia maneno yote hayo akafunga mdomo. Angesema, angempoteza na huyu, mtu pekee aliyebaki duniani wa kumwita mama.

Sasa mkwe alikuwa juu ya ngazi. Alizima meni swichi, akaanza kuchomoa fyuzi za kaure moja moja.

"Ya taa hii." Akaigeuza amwonyeshe uzi mwembamba kama unywele. "Nzima. Harufu inatoka nyuma, nyaya zimelegea."

Ya pili, ya jiko, nzima.

Mshonaji alikaa kwenye kiti, mikono mapajani. Alikuwa ameshapanga maneno ya kusema fundo litakapoonekana. Mkwe akachomoa ya tatu, akaigeuza.

Ndani mlikuwa na uzi mwembamba, safi, umebanwa vizuri kwa skrubu pande zote mbili.

"Nzima," akasema mkwe, bila kumtazama, akaiweka pamoja na nyingine.

Mshonaji hakuwahi kuigusa tena fyuzi ile. Wala hakuna fundi mwingine aliyewahi kuugusa ubao ule. Alikaa pale saa mbili na nusu huku mkwe akifungua, akipima, akikaza, akitoka nje kukagua waya wa ethi uliozikwa ardhini. Alipoitwa kuandika vibandiko vya swichi mpya, aliandika: taa, jiko, cherehani, friji. Mwandiko wake haukutetemeka, na hilo lilimchukiza.

Mkwe akarudisha umeme. "Njoo ubonyeze hapa," akasema. "Ni kitufe cha kujaribia swichi ya usalama."

Akabonyeza. Tap! Friji ikanyamaza, feni ikaanza kupunguza mwendo.

"Upesi hivyo?"

"Upesi hivyo. Umeme ukipita mwilini mwa mtu, inajikata kabla hajasema ah."

Mshonaji aliitazama feni mpaka iliposimama kabisa.

"Waya wangu uko wapi?"

Mkwe akafuta bisibisi kwenye suruali, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Niliutupa chooni siku ile ile. Nilipokuja kuzima meni swichi, nilichungulia. Fundo lile, mama, nani mwingine analifunga? Hata vifungo vya shati hili vimefungwa hivyo."

"Ungewaonyesha watu. Ungejiokoa."

"Ili iweje? Nilikuwa nimeshazika mmoja. Nizike na mama?"

Hapo ndipo kitu kilipomchoma mshonaji, kifuani, kikali, kama sindano inapopita kwenye kidole kilichokuwa na ganzi. Kiliuma. Hakukikimbia. Alilia kwa sauti, akishika ngazi, na mkwe akasimama kando yake asijue mikono aiweke wapi.

"Hodi hodi!" Ni Mama Redio, keshaingiza nusu ya kichwa. "Nimeona ngazi nikasema nipite kusalimu tu. Jamani, kuna nini? Kazi imeharibika tena?"

"Hakuna kitu," mkwe akamjibu haraka. "Tumemaliza."

"Kuna kitu," mshonaji akasema. Akajipangusa uso kwa kanga, akavuta kiti, akakiweka katikati ya chumba. "Ingia, jirani. Kaa."

"Mama, acha," mkwe akasema kwa sauti ya chini.

"Wewe umenyamaza vya kutosha. Zamu yangu kusema." Akamgeukia Mama Redio, akamtazama machoni. "Sikiliza vizuri, usiruke hata neno, na kwa mara ya kwanza nakuomba ukaseme kila mahali. Huyu hakukosea. Waya uliomuua mwanangu niliufunga mimi."