Jogoo wa Vitabu Viwili

Spana alikuwa na jogoo mmoja tu wa maana duniani, kuku wa kizungu aina ya Opingtoni, wa rangi ya dhahabu, mnene kama mto wa kochi, manyoya yamefunika miguu mpaka akitembea unadhani anateleza. Dada yake, fundi cherehani, naye alikuwa na jogoo wake, aliyeanguliwa siku moja na huyo. Ila dada alimlea kwa kitabu kingine. Maana Opingtoni ana vitabu viwili vya kumpimia mashindanoni. Kimoja kinataka kuku aliyejaa, wa chini chini, manyoya kama povu. Cha pili kinataka manyoya yabane kidogo na miguu ionekane. Juu ya hilo waligombana mezani, wakagombana uani, wakagombana mpaka mlango wa choo ukiwa katikati yao.

Mama akachoka. Majogoo walipigana kila asubuhi na mfagiaji ni yeye. Akasema Jumamosi kuna mashindano ya kuku: jogoo atakayeshika nafasi ya juu abaki na mitetea, mwenzake ahame. Hakusema ahamie wapi, lakini alikuwa anasugua sufuria kubwa.

Alhamisi, pale gereji Spana anapotengeneza pikipiki, mteja mmoja akamwambia mwamuzi wa safari hii ni wa kitabu cha miguu. Spana akaona amekwisha. Kuuliza mtu wa pili hakuuliza, subira hiyo hana. Hata shule aliiacha katikati ya muhula kwa kuwa mwalimu alikuwa anaongea polepole. Akachukua mkasi wa dada wa kukatia vitambaa, akampakata jogoo, akamnyoa mapaja huku akimwomba radhi. Miguu ikaonekana kweli. Jogoo akawa kama mzee aliyevaa kaptula.

Jumamosi ukumbini, vizimba vimepangwa juu ya meza, akamkuta jogoo wa dada amefura kama wingu. Kaogeshwa kwa shampuu, kakaushwa kwa draya ya saluni.

"Umemfanya nini huyo?" Spana akauliza.

"Wewe je? Mimi nimeambiwa mwamuzi ni wa kitabu chako cha povu."

"Kakwambia nani?"

"Mteja. Ana pikipiki nyekundu, alileta suruali ipunguzwe."

Spana akamkumbuka mteja wake wa Alhamisi. Pikipiki nyekundu aliifunga breki mwenyewe. Wakageuka pamoja. Kwenye kizimba cha tatu, mwenye pikipiki alikuwa anamfuta jogoo wake mdomo kwa leso, bila kuwatazama hata kidogo.

Mwamuzi alikuwa mama mfupi mwenye koti jeupe. Akaingiza mkono chini ya jogoo wa Spana, akapapasa, akasimama.

"Huyu kakatwa."

Spana akajitetea kwamba alifuata kitabu cha mwamuzi.

"Mimi sina kitabu changu, mwanangu. Tunatumia kilichobandikwa pale mlangoni. Na mkasi umekatazwa kwenye vyote viwili."

Akaigeuza kadi ya kizimba chini juu, yaani jogoo ametolewa mashindanoni. Wingu la dada likapata nafasi ya nne, maana chini ya lile povu alikuwa bado na unyevu. Jogoo wa mwenye pikipiki nyekundu akapata ya pili, na mwenyewe akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani mama akaishusha ile sufuria kubwa. Alikwishasema. Spana naye hakungoja sufuria ibandikwe. Akabeba godoro kichwani, jogoo kwapani, akahamia chumba cha vipuri kule gereji. Fundi mkuu alilalamika siku mbili, kisha akaanza kumletea jogoo mahindi.

Mwezi wa pili tangu ahame, dada akaja na kapu. Ndani mlikuwa na mitetea wawili.

"Vifaranga vya jogoo wangu vimetoka vyembamba kama penseli," akasema, macho kwenye matairi. "Hawa wanataka dume lenye kifua. Nitakuachia wiki mbili."

Spana akamtazama jogoo wake, mapaja bado ya kaptula.

"Vifaranga tutavichagua kwa kitabu gani?"

"Usianze," dada akasema, akafungua kapu.