Ushahidi Kwamba Hatuongei

Wateja walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna nguo iliyotoka kwenye karakana yake kabla hajapitisha kidole gumba kwenye pindo kutoka kona hadi kona, macho kayafumba. Alikuwa na mafundi kumi na mmoja na vyerehani tisa katika chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Walishona mashuka ya hospitali na sare za wauguzi. Mwaka huo serikali ikatenga zabuni ya mashuka kwa biashara ndogo peke yake. Akaomba, akashinda. Mafundi walishangilia hadi muuza vipuri wa jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Siku ya kumi ikaja barua. Kampuni moja iliyoshindwa ilikuwa imeweka pingamizi: huyu mama si biashara ndogo hata kidogo. Kaka yake wa tumbo moja ana kiwanda cha nguo chenye wafanyakazi mia nne, na ndugu wa damu wanaofanya kazi ya aina moja huhesabiwa biashara moja. Ofisi ya zabuni ilikubali. Bi Pindo alikuwa ameondolewa, na amepewa siku kumi na nne za kukata rufaa.

Aliipeleka barua kwa Mzee Nukta, karani mstaafu aliyeishi nyumba ya nyuma. Jina hilo alilipata kwa kusahihisha hata matangazo ya msiba yaliyobandikwa ukutani. Mzee aliisoma mara mbili, kalamu mkononi.

"Binti yangu, mlango upo, ila mwembamba. Kanuni inasema ndugu ni kitu kimoja, isipokuwa uthibitishe kwamba kati yenu kuna mpasuko wa wazi."

"Mpasuko? Mzee, maisha yangu yote nimeshona. Leo ndiyo nisifiwe kwa kupasua?"

Mzee alicheka, kisha akaacha, maana aliona mwenzake hacheki.

"Mmeachana tangu lini?"

"Miaka tisa."

"Basi andika. Kila kitu ambacho ndugu hufanyiana, nanyi hamkufanyiana. Usifiche."

Ugomvi wenyewe ulianza baba yao alipofariki na kuwaachia karakana. Kaka alitaka mashine kubwa, na mafundi wazee waende nyumbani. Yeye alikataa. Siku mafundi hao, wote akina mama, walipopewa barua za kuachishwa kazi, alitoka nao mlangoni, wanne nyuma yake. Kaka alisema mbele ya watu wote, "Ukivuka hapo, usirudi." Naye akajibu neno ambalo hadi leo lilimchoma: "Sitarudi hata kukuzika."

Alikaa kwenye meza ya kukatia vitambaa akaandika. Harusi ya binti yangu: hakuja. Kaka alipohamia nyumba mpya: sikwenda. Nilipovunjika mkono: hakupiga simu. Mkewe alipojifungua pacha: nilisikia kwa muuza vifungo. Pacha hao sijawahi kuwaona. Hapo kalamu ilisimama. Alijiuliza kama wanafanana na kaka, kama nao wana masikio yale yaliyochomoza, ambayo mama aliyewazaa yeye na kaka alikuwa akiyaita vishikio vya sufuria. Alimkumbuka kaka akimtungia uzi kwenye sindano kabla ya kwenda shule, kwa sababu macho yake yeye hayakuona vizuri vitu vya karibu, na baba angekasirika. Kaka alitunga sindano kumi kila asubuhi akazichomeka kwenye mto mdogo, ili zimtoshe mdogo wake mpaka jioni.

Hilo hakuliandika. Halikuhusika na rufaa.

Mzee Nukta alipopokea karatasi, aliweka mkato mahali pawili. Kisha akasema, "Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wewe umelima miaka tisa, mwanangu. Shamba lote limekwisha, nanyi bado hamjapatana."

Bodi ya rufaa ilikuwa na watu watatu, katika chumba chenye feni inayolia. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mwenye miwani mizito na sauti ya chini. Upande wa pili alikaa wakili wa kampuni iliyoweka pingamizi. Bi Pindo alisomewa orodha yake mwenyewe. Harusi, mkono, pacha. Kila ilipotajwa "hakuja" na "sikwenda" aliitikia "ndiyo," na kila "ndiyo" ilikuwa nzito kuliko iliyotangulia. Alikuwa amekuja kushinda, na alishangaa kuona ni kiasi gani alitamani mtu mmoja tu mle ndani abishe, aseme, hapana mama, si kweli, ninyi mnapendana.

"Bodi ilimwandikia pia kaka yako," mwenyekiti akasema. "Amejibu."

Bi Pindo alishika ukingo wa meza. Mwenyekiti akasoma.

"Ni kweli hatuzungumzi. Sijampa kazi, kitambaa, mashine wala mfanyakazi. Hajaniomba. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji, nikalazwa wiki tatu. Siku ya pili nilishika kona ya shuka nikajua ni yeye kaishona, kwa sababu kona imekunjwa mara tatu kama tulivyofundishwa na baba, na siku hizi hakuna mwingine anayejisumbua hivyo. Nililalia kazi yake wiki tatu na sikumwita. Kama bodi inatafuta ushahidi wa mpasuko, ndio huo."

Feni ililia. Wakili akainuka upesi. "Mheshimiwa, barua hii yenyewe inaonyesha bado kuna mapenzi kati yao!"

Mwenyekiti alivua miwani. "Kumkumbuka ndugu si kuendesha naye biashara. Keti."

Uamuzi ulitoka baada ya wiki mbili: rufaa imekubaliwa, zabuni ni yake. Mafundi walishangilia tena. Bi Pindo alishangilia nao, akagawa kazi, akakagua robota la kwanza la kitambaa. Kisha akarudi ofisi ya bodi peke yake, akamuuliza karani wa mapokezi kwa sauti ya kunong'ona:

"Mwanangu, sheria yenu inanikataza kumsalimia?"

Karani alimtazama kama asiyeelewa. "Kufanya naye biashara, mama, ndiko kwenye maneno. Salamu ni zako."

Jumatatu alikwenda kwenye geti la kiwanda cha kaka. Mlinzi akasema bosi kasafiri kwa matibabu. Aliomba karatasi, akaandika mistari mingi, akaichana, akaandika upya: *Nimekuja. Nitakuja tena Jumatatu.* Jumatatu ya pili kaka alikuwa hajarudi. Alikaa kwenye benchi la mlinzi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akisikiliza mashine zikinguruma ndani.

Jumatatu ya tatu mlinzi alifungua mlango mdogo kabla hajasema neno.

"Karudi jana. Kasema nikuzuie hapa hapa, anataka kuja mwenyewe. Ila anatembea polepole, mama, vumilia."

Mwisho wa uwanja mrefu wa kiwanda alitokea mtu mwembamba mwenye fimbo, masikio yamechomoza. Alipiga hatua, akapumzika, akapiga nyingine. Bi Pindo alivumilia hatua tatu. Ya nne hakuisubiri. Alikunja kanga yake kwapani, akaingia ndani, akamkimbilia.