Baiskeli ya Kulala ya Hyasinti

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipanda Mbinga na magari yao, mitumba ilishafika mpaka Matiri, na mtu akiwa na kitu hakuna aliyemuuliza kakipata wapi. Kwa hiyo Hyasinti alipotokea sokoni akikokota baiskeli ya kulala, hatukushangaa sana. Tulicheka tu, kwa adabu, mpaka mbavu zikauma.

Baiskeli ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyekuwa akiizunguka Afrika nzima kaegemea hivyo hivyo. Alipofika kwetu homa ikamshika, akarudishwa kwao, na baiskeli akamwachia Hyasinti kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa karibu. Hyasinti siku zote alikuwa amekaa karibu. Chombo chenyewe kirefu kama mtumbwi: pedeli ziko mbele juu, usukani uko chini ya mapaja, na mwendeshaji anaegemea kiti, miguu imetangulia. Kama kuna mtu aliyetengenezewa baiskeli kwa kipimo chake, basi ni huyu.

Maana mwenzetu katika kulala alikuwa na kipaji. Mkewe Eliza, binti wa Lundo kule ziwani, ndiye aliyechimba ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, akapanda mahindi, akapalilia kahawa, akachuma, akabeba. Hyasinti alisimamia, tena kwa kukaa. Mwisho Eliza alifunga nguo zake, akapanda lori kurudi kwao, na pale stendi, mbele yetu sote, akamwambia mumewe:

"Siku utakayofika kwetu kwa jasho lako, siku hiyo nitarudi. Jasho lako, Hyasinti. Si la gari, si la mtu."

Nyumba ikapoa. Tusimnyime haki yake, alimpenda mkewe. Alikonda. Alikuwa akija kilabuni kwa Kunigunda anakaa anautazama mlango kana kwamba Eliza ataingia kuagiza chang'aa. Ilipofika baiskeli, uso ukamrudia.

"Baiskeli ina pedeli," alitueleza, "na pedeli ni jasho. Kuna aliyesema lazima litoke ukiwa wima?"

"Hakuna, kaka," akajibu Raimundi, fundi baiskeli wetu. "Hata mwenye malaria hutoka jasho amelala."

Tukacheka. Hakuna aliyejua kwamba kwa mzaha ule Raimundi alikuwa ameshaitabiri safari yote.

Kazi ikaanza chini ya kibanda cha Raimundi, nasi tukahamia pale, kwa sababu mambo kama yale huwezi kuyasikia kwa kusimuliwa. Kiti cha wavu Hyasinti alikikataa, kinachoma mgongo. Raimundi akakata mipira ya ndani ya tairi vipande vipande, akavisuka kama kitanda cha kamba. Kichwa nacho kikataka pa kuegemea: mto wa gunia la kahawa uliojazwa sufi. Akiegesha itambidi aweke mguu chini, na hilo ni usumbufu. Raimundi akaongeza magurudumu mawili madogo pembeni, ili bwana asimame bila kusimama. Nyuma likafungwa tenga la nguo na zawadi za wakwe. Juu, mwavuli kwenye mti.

"Na kiu?" akauliza Hyasinti. "Niinuke kila nikitaka kunywa?"

"Mungu apishe mbali," akasema Kunigunda.

Basi wakapata chupa tupu ya dripu, hatukuuliza wapi, wakaichemsha, wakaijaza togwa, wakaitundika kwenye mti wa mwavuli, mpira wake ukashuka mpaka karibu na mdomo. Kwa ajili ya vumbi, shuka jeupe kuanzia kifuani mpaka miguuni. Asubuhi aliyoondoka tulimwangalia akipita: kalala, kafunikwa, chupa inaninginia. Kunigunda akafanya ishara ya msalaba. Sisi tukadhani anatania.

Yaliyofuata tumeyapata kwa Bartholomayo, dereva wa lori la usipa, dagaa wa kule ziwani. Bartholomayo haongezi chumvi. Anamwaga gunia zima. Lakini wenyeji wa Lundo nao wameyathibitisha.

Huku kwetu, ukikutana na mgonjwa kwenye machela huulizi ni wa nani. Unavua kofia, unaingiza bega. Hata ukiwa unakwenda harusini. Na kila mtu anajua kuusoma msafara: machela inayopanda kwenda Litembo hospitali ina matumaini. Inayoshuka kuelekea ziwani ndiyo ya kusikitisha. Hiyo ni ya mtu ambaye waganga wameshanawa mikono, anapelekwa akafie kwao.

Hyasinti alifika kwenye kilima cha kwanza, akakanyaga pedeli kidogo, pumzi zikakata. Akasimama bila kusimama. Vijana waliotoka shambani wakamkuta anahema, macho mekundu, chupa juu.

"Jamani! Mgonjwa kaachwa peke yake! Ndugu zake wamekimbilia wapi?"

"Baba, unapelekwa wapi?"

"Lundo," akanong'ona Hyasinti. "Kwa wakwe zangu."

Hapo angeweza kusema: mimi mzima, nanywa togwa. Maneno machache. Lakini kilima kilikuwa kirefu na vijana walikuwa na nguvu. Akafumba macho.

Wakamsukuma mpaka juu. Huko wakawapokeza wengine. Kijiji kwa kijiji mkwe wa watu akaenda kama mfalme, kila mlima una mabega yake, kila mteremko una wazee wa kushika nyuma asije akakimbia. Mama mmoja alimwombea rozari nzima. Hyasinti, tunaambiwa, aliitikia mahali pake. Bartholomayo akawapita na lori lake, akapunguza mwendo, akachungulia, akamtambua. Akakanyaga mafuta kuwahi Lundo kutoa taarifa, kama mtu mwema yeyote mwenye habari.

Basi msafara ulipofika, uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake vitenge viunoni, kilio kimeshika kasi. Eliza akajitupa kwenye shuka.

"Hyasinti wangu! Nilikuambia maneno makali! Ungeamka tu, ningerudi leo hii, mbele ya watu hawa wote, nasema ningerudi!"

Sasa, mtu mwenye busara angekaa kimya kidogo, ajitikise, apone polepole. Hyasinti alifumbua macho, akatabasamu.

"Mmesikia wote?"

Kilio kikakatika. Na mbele yake kabisa, mkabala na nyayo zake, alikuwa amesimama mama mkwe, Bibi Edina. Mama mkwe! Mwanamke ambaye mkwe anampisha njia, hamwangalii usoni, na leo kalala chali miguu imemwelekea, togwa mdomoni.

"Shikamoo, mama," akasema Hyasinti, kichwa kikiwa bado kwenye mto.

Bibi Edina alijifunika kitenge uso wote, akaingia ndani bila kuitika. Vijana wa msukumo wa mwisho wakatazama mikono yao.

Eliza akafuta machozi. Alikuwa mwekundu wa macho lakini sauti imeshatulia.

"Nimesema mbele ya watu, sirudi nyuma. Umeamka, nitakuja." Akaizunguka baiskeli taratibu, akabonyeza kiti, akaubonyeza mto. "Raimundi huyu anajua kazi. Inuka."

"Niinuke?"

"Ile ahadi ya jasho bado hujailipa. Ziwani umeteremka, Mbinga tunapanda."

Wakaondoka baada ya Hyasinti kumpelekea mama mkwe kuku wa kuomba radhi, tena akiwa amesimama muda wote. Eliza kalala kwenye mipira iliyosukwa, mwavuli juu, togwa mpya kwenye chupa. Nyuma, Hyasinti anasukuma. Kila kilima wale wale waliomsukuma walikuwepo, wakamtambua, wakaketi kando ya njia kula mihogo. Hakuna aliyeingiza bega.

Karibu na mjini wakakutana na mzee mgeni, hana habari. Akavua kofia.

"Poleni, wanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Eliza akatoa mpira mdomoni, akageuza kichwa kwenye mto kumtazama mumewe, aliyelowa mpaka mkanda.

"Nafuu, baba," akajibu. "Leo kaweza kusukuma mwenyewe."