Bluu Isiyotoka

Mtunza ghala la silaha katika kituo kile cha askari wa wanyamapori alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kwanini. Jina lilianzia mafunzoni, siku mwalimu alipowaamuru walale kifudifudi kwenye tope. Wote wakalala. Yeye akabaki amesimama, akiuliza kwa nini tope wakati majani yako palepale pembeni. Akaadhibiwa kuruka kichurachura kuzunguka uwanja mzima, akarudi anahema kama mvukuto, na swali lake bado liko mdomoni.

Alikuwa na miezi miwili tu ghalani wakati shemeji yake aliposhindwa jaribio la shabaha.

Shemeji huyo, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa askari wa doria kwa miaka ishirini na minne. Alisifika kwa kumwona swala kilima cha pili wakati wenzake bado wanakitafuta cha kwanza. Kila mwaka askari wote walipiga risasi tano kwa umbali wa mita mia, na kila mwaka matundu yake yalikaa pamoja kama watoto wa kuku. Safari hii yalitapakaa karatasi nzima. Mkuu wa kituo aliitazama ile karatasi, akaigeuza nyuma kana kwamba jibu limeandikwa huko, kisha akasema, "Una siku nane. Utarudia. Ukishindwa tena, nakutoa doria, unakaa getini."

"Ni bunduki, mkuu," shemeji akasema. "Mtutu umekwisha."

"Kama ni bunduki, mtunza silaha atatuambia."

Ndivyo rifle ile ilivyofika mezani kwa Kwanini.

Ghala lilikuwa chumba kimoja cha zege chenye dirisha dogo la nondo, bunduki kumi na nne zimesimama kwenye rafu, na meza ya mbao iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi. Mtunza silaha aliyestaafu alikuwa amemwachia kopo la biskuti lenye vifaa vya kusafishia, bila neno la maelezo. Kwanini alilimwaga kopo lote mezani. Kulikuwa na ufito mrefu wa chuma uliovishwa plastiki, furushi la vitambaa vya pamba vilivyokatwa mraba, chupa mbili za dawa, na brashi tatu nyembamba kama kidole cha mtoto. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, ya pili ya shaba nyeusi, ya tatu ya nailoni.

Akazipanga. Kwa nini tatu?

Ya chuma aliishika kwa mashaka. Akachukua bomba kuukuu la maji lililokuwa limetupwa pembeni, akalipiga msasa mpaka likang'aa, kisha akapitisha brashi ndani mara kumi. Alipolielekeza dirishani na kuchungulia, aliona mikwaruzo myembamba imejichora kama nyuzi za buibui. Ndani ya mtutu wa rifle kuna mifereji inayozunguka, ndiyo inayoizungusha risasi iende moja kwa moja, na mifereji hiyo ikikwaruzwa hakuna fundi wa kuirudisha. Akaifunga brashi ya chuma kwenye gazeti, akaandika juu yake: "Usiniguse."

Ya nailoni ilimchekesha. Ilikuwa laini, nyeupe, haina tofauti na ile ambayo dada yake aliitumia kuoshea chupa za watoto enzi zile. "Wewe utaweza nini?" akaiuliza, akairudisha koponi.

Ikabaki ya shaba nyeusi. Laini kuliko chuma cha mtutu, ngumu kuliko uchafu. Hiyo ilikuwa na akili.

Akaitoa bolti, komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu, ili aingize ufito kutokea nyuma na kusukuma kuelekea mdomoni, njia ileile inayopita risasi. Ukiingizia mdomoni, ufito unasugua ukingo wa mwisho ambao risasi inaugusa kabla ya kuondoka, na ukingo ukilika upande mmoja, risasi nayo inaondoka imeegemea upande. Hilo alikuwa amefundishwa, na angalau mara hii hakuwa na swali.

Siku ya kwanza vitambaa vilitoka vyeusi tii kwa masizi ya baruti. Alasiri vilitoka vya kijivu. Ndipo akafungua chupa ya pili, dawa ya kuyeyusha shaba, harufu yake ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka. Risasi huvishwa gamba la shaba, na kila inapopita huacha utando ukutani. Utando ukizidi, mtutu haulengi. Dawa ile ikikutana na shaba hugeuka bluu. Akailowesha brashi, akaipitisha mara ishirini, akasubiri dakika kumi, akasukuma kitambaa safi.

Kilitoka cha bluu kama wino wa kalamu.

"Nilisema," shemeji akasema. Alikuwa amesimama mlangoni. Alikichukua kile kitambaa, akakiangalia kwa upendo, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mjukuu. "Imejaa shaba hiyo. Nani angelenga na kitu kama hicho?"

"Tutaitoa yote, shemeji. Kikitoka cheupe, tumemaliza."

Siku ya pili, bluu. Siku ya tatu, bluu. Kila mchana shemeji alipita ghalani akitoka kula, akainamisha kichwa mlangoni, akauliza, "Bado bluu?" Kwanini akajibu bado, naye akaondoka akipiga mluzi. Kwanini hakupiga mluzi. Mikono ilinuka dawa hata baada ya sabuni, na kichwani lilikuwa limeshaingia jambo linalomkera. Uchafu gani huu usiopungua? Nguo chafu ukiifua mara tatu, maji ya tatu hayafanani na ya kwanza. Lakini kitambaa cha siku ya nne, alipokilaza kando ya kile cha siku ya kwanza, vilikuwa mapacha.

Jioni hiyo alipita kwa dada yake kurudisha sufuria. Dada alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, shemeji bado hajarudi.

"Mume wako anaonaje siku hizi?" Kwanini akauliza.

Dada akasimamisha mkono. "Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza tu. Unanijua."

"Mbali anaona kama tai," dada akasema. Akatoa jiwe dogo, akalitupa. "Simu anaisomea huku, mkono umenyooka kama anaionyesha kwa jirani. Nikimwambia, ananijibu maandishi ya siku hizi ni madogo. Sasa nimenyamaza. Naisoma mimi."

Usingizi wa Kwanini usiku ule ulikuwa wa kuungaunga.

Siku ya tano aliiacha brashi ya shaba imesimama mezani, imelowa dawa, akaenda kula. Aliporudi na kuiinua, chini yake, kwenye mbao iliyotawaliwa na weusi wa mafuta, palikuwa na duara dogo. Akalifuta kwa kitambaa safi.

Bluu.

Akakaa. Brashi ile ilikuwa haijagusa mtutu tangu aisuuze asubuhi. Mezani hapakuwa na gamba la risasi. Kulikuwa na mbao, dawa, na brashi. Brashi ya nini? Ya shaba nyeusi. Na shaba nyeusi ni shaba ileile, imechanganywa tu na bati kidogo.

Hakutaka kuliamini haraka. Akachukua vizibo viwili vya soda, akamimina dawa kidogo kwenye kila kimoja. Katika kimoja akachovya brashi ya shaba, katika cha pili akaitoa ile ya nailoni aliyoicheka, akaichovya. Akatazama saa ya ukutani. Baada ya dakika kumi akakamulia kila brashi kwenye kitambaa chake. Kitambaa cha shaba kilikuwa bluu. Cha nailoni kilikuwa kama alivyokikata.

"Siku tano," akajisemea. "Siku tano napima brashi yangu mwenyewe."

Akaosha ndani ya mtutu, akaukausha, akaanza upya kwa brashi ya nailoni. Mara ishirini. Dakika kumi. Kitambaa kikatoka na kivuli cha samawati ambacho ungeweza kukibishia. Akarudia. Safari hii kilitoka cheupe. Akarudia tena kwa sababu ni yeye, na kikatoka cheupe tena. Akaelekeza mtutu dirishani, akachungulia: mifereji ilizunguka mpaka mwisho, mikali, inang'aa. Mtutu haukuwa umekwisha hata kidogo. Pengine ulikuwa safi tangu siku ya kwanza jioni.

Furaha ya kujua ilimjaa kifuani, ikakaa hapo kama nusu dakika. Kisha akakumbuka ni nani atakayekuja kumwuliza.

Aliomba ruhusa kwa mkuu, akaenda uwanjani na rifle ile, akapiga risasi tano. Yeye si mpiga shabaha wa kusifiwa, lakini matundu yote matano yangefunikwa na kikombe cha chai. Aliporudi na karatasi, shemeji alikuwa anamngoja mlangoni pa ghala.

"Bado bluu?"

"Haijawahi kuwa bluu, shemeji." Akamwekea vizibo viwili mezani, vitambaa viwili, akamweleza yote, pamoja na kosa lake. Mwisho akaweka karatasi.

Shemeji aliyahesabu matundu kwa kidole. "Hii umepiga wewe."

"Mimi."

"Na bunduki hii."

"Hiyohiyo."

Shemeji akaisogeza karatasi pembeni. "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unanipima mimi."

"Nilikuwa napima mtutu. Nimebaki na swali moja tu." Akaipachika bolti, akahakikisha bunduki haina risasi, akampa, akamwelekezea dirishani kwenye tangi la maji la mbali. "Tangi unalionaje?"

"Naona mpaka kutu yake."

"Na kile kilengeo cha mbele, hicho kijiti mwisho wa mtutu?"

Shemeji aliweka bunduki begani. Akafumba jicho moja, akalifumbua, akalifumba tena. Kisha akasema, taratibu, "Kama unyoya."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani kila mtu anakiona hivyo siku hizi." Akaishusha bunduki. "Getini, shemeji. Kufungua na kufunga. Unajua mimi siwezi." Akaondoka bila kuaga, na kesho yake hakupita ghalani.

Ni dada aliyemaliza kazi. Hakugombana naye, wala hakubembeleza. Alimwambia tu kwamba yeye amechoka kumsomea simu, na kwamba asubuhi wanakwenda pamoja kwa daktari wa macho. Daktari, kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi kali, alimwambia jambo ambalo lingemwondolea hofu mapema kama angeuliza: macho yake hayafi. Kwa mbali ni mazuri. Ni kuona kwa karibu kulikozeeka, kama kunavyozeeka kwa kila mtu, na kilengeo kikiwa umbali wa mkono lazima kiwe na ukungu. Alimtengenezea miwani ya umbali ule hasa.

Siku ya nane wenzake walimwona akija uwanjani, wakagongana viwiko. "Mzee leo amekuja amevaa miwani," mmoja akasema, na kila aliyejua kwamba mlevi naye husemwa amevaa miwani akacheka. Shemeji naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo. Akalala kifudifudi. Akavuta pumzi, akaitoa nusu. Kwanini alisimama nyuma, mikono mfukoni, roho juu kuliko siku ya mtihani wake mwenyewe.

Manne yalikaa pamoja. La tano lilitoroka upana wa kiganja.

Mkuu aliiangalia karatasi, safari hii bila kuigeuza. "Doria Jumatatu," akasema.

Shemeji alimkabidhi Kwanini bunduki kwa mikono miwili. Hakusema asante. Alisema, "Dada yako anasema uje kula kesho. Na mimi nasema hivyohivyo." Alikuwa amesahau kuvua miwani, na alimkazia macho kana kwamba hajawahi kuuona uso wake kwa karibu.

Wiki iliyofuata Kwanini alifungua daftari la ghala na kukuta bunduki tatu ambazo yule mtunza silaha aliyestaafu aliziandika kwamba shaba haitoki, zisitumike. Akatabasamu, akaitoa brashi ya nailoni. Ya kwanza, kitambaa cheupe. Ya pili, cheupe. Kwenye ya tatu kitambaa kilitoka na rangi ya kahawia, yenye punje ndogo zilizokwaruza kidole alipozigusa. Hazikuwa masizi. Hazikuwa shaba.

Akavuta kiti, akakisogeza kitambaa kwenye mwanga.