Mawe Tulibeba Sisi

Nimesikia kwamba Mkongani nako wanawake wameanza kukusanya mawe. Wameambiwa serikali italeta mabati, mkandarasi ataleta mafundi, wao watoe kiwanja na nguvu zao, kisha jengo litakuwa la wote. Maneno hayo nayajua. Ndiyo tuliyoambiwa sisi huku karibu na Bongwe, mwaka wa hamsini na nne, na aliyetuambia hakuwa mgeni. Alikuwa kaka yangu Mbwana, tumbo moja.

Sisi Wadigo mjomba ndiye mwenye kauli. Kiwanja cha kando ya barabara kilikuwa cha upande wa mama yetu, kina minazi saba, na mimi na binti yangu Esha ndimo tulimokuwa tukila. Mbwana alinikuta asubuhi nakuna nazi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mwanapili, Mungu amekujibu. Tunajengewa zahanati. Mbele chumba cha dawa, nyuma chumba cha wazazi. Kitanda cha chuma, na pazia."

Esha alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza mwaka ule ule, baada ya uchungu wa siku mbili. Hospitali ya Msambweni iko mbali na gari ni la kubahatisha. Niliposikia kitanda, sikusikia tena jingine.

"Na huyo mkandarasi, yeye anapata nini?"

"Bwana Chande? Atalitunza jengo miaka ishirini. Paa likivuja ni juu yake, chokaa ikibanduka ni juu yake. Naye apewe pembe ya kuuzia vitu vyake. Basi."

Akatoa karatasi. Ilikuwa ya Kiswahili, imepigwa chapa, naye ameikunja hata nikaona mstari wa chini tu, pa kutia jina. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Ulimi ulitaka kusema: kaka, ikunjue niisome. Nikaona haya. Utamwambiaje kaka yako mkubwa, aliyekuoza kwa mkono wake, kwamba humwamini? Nikaandika jina langu, tena kwa mwandiko mzuri, ili afurahi.

Minazi ikakatwa. Tulibeba matumbawe kutoka pwani ya Diani, kichwani, safari mbili kwa siku. Tulipanga kuni, tukachoma chokaa, ikatula viganja mpaka kushika ugali wa moto ikawa adhabu. Lakini tulicheka. Esha alikuwa amepata mimba tena, na jirani yangu Kadzo hakumwacha.

"Wewe Esha, usikalie jiwe hilo! Hilo ni la chumba chako, utalichosha kabla ya siku yake."

"Basi libebe wewe, bibi, mimi nimebeba changu."

Ujenzi ulikwisha, wakubwa wakaja, wakala pilau, wakaondoka. Wiki tatu baadaye, saa mbili asubuhi, Esha akashikwa na uchungu. Nilimshika mkono tukaenda pole pole. Siku ile, Mungu anisamehe, moyo wangu ulikuwa umetulia.

Mbele ya zahanati palikuwa na duka, dirisha pana, na nyuma ya dirisha alisimama Mbwana akipima mafuta ya taa. Kumbe alikuwa amepewa kazi, asituambie.

"Kaka, shikamoo. Mtoto ameanza. Tufungulieni chumba cha nyuma."

 Aliendelea kupima.

"Chumba kile kina saruji, Mwanapili."

"Itoeni."

"Ni ghala la Bwana Chande. Nikifungua bila ruhusa yake, kazi sina. Mpeleke kwa dresa."

Dresa, yaani mtia sindano na mfunga vidonda, kijana mmoja wa Kigiriama aitwaye Karisa, alikuwa katika chumba cha dawa na wanaume kumi na mbili wakingoja sindano. Nilipomuuliza chumba cha wazazi, akaninyooshea kidole ukutani. Karatasi ile ile ilitundikwa pale, imekunjuliwa. Nikaisoma kwa mara ya kwanza. Chumba kimoja cha dawa. Vyumba vingine vyote na uwanja ni vya mkandarasi kwa miaka ishirini. Neno wazazi halikuwamo. Kitanda hakikuwamo. Chini jina la Mbwana, na langu, limeandikwa vizuri.

Karisa aliwatoa wale wanaume nje, akatandika shuka sakafuni. Lakini ukuta wa katikati haukufika juu, na huko dukani watu walikuwa wakinunua sukari na kuulizana, "Nani huyo analia?" Mwingine akajibu, "Ni binti wa Mwanapili, anajifungua." Wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Esha akaniangalia. "Mama, twende nyumbani. Sizai mbele za watu."

"Mwanangu, vumilia."

"Twende, mama."

Karisa akasihi, nami nikasihi. Lakini ningemlazimishaje? Kuona haya nimemfunza mimi. Tukatoka. Hatukuvuka shamba la mihogo. Mtoto alikuja pale pale, kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, na mimi mikono yangu ya chokaa haikujua kukiondoa. Karisa alifika mbio. Alikuwa amechelewa kidogo tu. Mtoto alikuwa wa kiume.

Mbwana alikuja mazikoni na sanda, kama impasavyo mjomba. Watu wakampisha. Akainama kwa Esha, akasema, "Pole, mwanangu. Ni kudura ya Mungu."

Esha hakuinua kichwa. "Mjomba, rudi dukani. Wateja wanangoja."

Wazee waliguna. Binti hasemi hivyo na mjomba wake. Wakaniangalia mimi, ili nimkemee. Sikumkemea. Mbwana aliiweka sanda juu ya jamvi, akaenda zake, na mimi nikamwacha aende bila kuagana naye.