Karatasi ya Maua Chumbani kwa Mama

Ukiziba ufa, utajenga ukuta. Wahenga walisema kinyume chake, ila wahenga hawakuwahi kupaka rangi chumba cha mama yake binti mmoja, fundi wa rangi. Mara mbili karatasi ya maua iliyobandikwa ukutani, juu ya kitanda, ilivimba kama shavu lenye jino bovu, na mara zote mbili kaka yake alimwambia, "Chana kidogo, tia gundi, bandika. Usitafute makubwa, mdogo wangu."

Leo karatasi imevimba tena. Mama alikuwa njiani kutoka hospitali, kifua bado kinakoroma, na fundi alikuwa ametoka kupaka dari za watu tangu alfajiri. Mabega yaligoma hata kubeba wembe. Akachana pale palipovimba, akapitisha kidole ndani apime pa kutia gundi. Kidole kikatoka kimelowa, kimejaa ukungu mweusi tii.

Akaketi kitandani. Angebandika tu, nani angejua? Kifua cha mama kingejua. Akainuka akiguna, akashika ncha ya karatasi, akavuta. Plasta ikafuata vipandevipande, na ukuta wote wa upande wa bafu ukabaki uchi, mweusi, unatoka jasho.

Kaka akaingia amemshika mama mkono.

"Haya ni nini tena? Si nilisema ubandike tu, umalizie na rangi ya dirisha?"

"Bomba la bafu linavuja, kaka. Kila usiku mama anavuta huu ukungu."

"Fundi gani anaacha nyumba mbovu kuliko alivyoikuta?"

"Fundi aliyechoka kupaka poda kwenye kidonda. Mama atalala kwangu mpaka bomba lizibwe na ukuta ukauke."

Mama hakuwa akiwasikiliza. Aliokota kipande chenye nusu ya ua, akakikung'uta vumbi la plasta.

"Baba yenu aliibandika kwa mikono yake," alisema, kisha kikohozi kikamkunja hadi akashika kitasa cha mlango. Alipopata pumzi alimgeukia bintiye, macho yamelowa. "Hata kuniuliza, mwanangu? Utuombe radhi, mimi na kaka yako."

Fundi alikuwa amechoka, hata kukasirika hakuweza. Akachukua mfuko wa dawa wa mama, akautundika begani kwake.

"Siombi, mama," alisema. "Twende. Leo siombi, na kesho pia siombi."