Aliyetajwa Asimame

Jumamosi ya tatu mfululizo jina la Nashoni halikusomwa. Machage alikuwa nyuma ya goli, mahali pake pa siku zote, akasikia kipaza sauti kikimtaja beki wa kati wa Radi ya Tarime: Godwin. Godwin tena. Mpwa wa mwenyekiti, kijana ambaye mpira ukimjia anaushangaa kama ameletewa hati ya mahakama.

"Machage, mwanao hata benchi hayupo," jirani alisema. "Kaenda wapi?"

"Muulize Nikolaus," Machage akajibu, akatema mate.

Nikolaus ndiye mwenyekiti wa klabu, na mwaka mzima Machage hakulitaja jina hilo bila kutema mate. Mke wake Eunice alipozidiwa, Nikolaus aliahidi gari la klabu limpeleke hospitali Mwanza. Machage akamvalisha mkewe kitenge kipya, wakakaa mlangoni tangu asubuhi. Kumbe gari limekwenda Mugumu kufuata ngoma za washangiliaji. Eunice akafa amekaa pale pale, kitenge hakijapata hata mkunjo. Ndivyo wakubwa walivyo, watakwambia subiri mpaka uoze.

Jioni Nashoni akarudi nyumbani Nyamisangura, viatu vya mpira vinaning'inia begani. Baba yake alikuwa kibarazani anashona soli ya kiatu cha mtu, maana hiyo ndiyo kazi yake.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Wamekwambia kosa lako?"

"Hapana. Kocha Faridu kasema nivumilie. Wiki mbili zijazo tunacheza Mugumu, na watu wa timu kubwa ya Mwanza watakuja kutafuta beki. Siku hiyo atanipanga hata mwenyekiti akinuna. Ila nisiongee popote."

"Nisiongee, nisiongee! Mura, kijana wangu, mama yako naye aliambiwa avumilie."

Nashoni akainamisha kichwa. "Tata, mchezaji akiisema klabu yake hadharani, nani tena atamchukua? Makocha wanaogopa mdomo wa namna hiyo."

"Anayeogopa mdomo ni mwizi."

Machage aliishia darasa la tatu. Sheria aliyoijua vizuri ni ya ritongo, baraza la ukoo. Pale aliyeonewa anasimama mbele ya watu wote, anamtaja aliyemwonea kwa jina, na aliyetajwa lazima asimame ajibu siku hiyo hiyo, hata awe na ng'ombe wa kujaza bonde. Machage ameshaona matajiri wakitokwa jasho pale. Kwa akili yake, redio ilikuwa ritongo kubwa zaidi, linalosikika mpaka Sirari.

"Mtaje redioni," akasema. "Dunia nzima ikisikia atafanyaje? Atasimama tu."

"Redio siyo ritongo, tata."

"Wanaosikiliza si watu wale wale? Au unaogopa? Siku unatahiriwa hata kope haikucheza. Mama yako alicheza njia nzima mpaka khanga ikadondoka. Leo huyu Nikolaus ni kisu gani cha kukutetemesha?"

Nashoni akaingia ndani na viatu vyake. Lakini maneno ya namna hiyo, huku kwetu, kijana hayamezi akalala nayo.

Jumatatu Happy, mtangazaji wa michezo, akamkaribisha studio. Machage alifungulia redio mpaka mwisho ili mtaa wote usikie.

"Sijaumia," sauti ya Nashoni ikatoka, kavu. "Sijakosa mazoezi. Nimewekwa nje kwa sababu Godwin ni mpwa wa mwenyekiti Nikolaus. Namtaja hapa. Ajibu."

Watu madukani wakapiga makofi. Beatrice, muuza dagaa, akapaza sauti: "Mzee Machage, leo umezaa upya!"

Machage akaanza kungoja jibu. Jumanne hakushona kiatu hata kimoja, alikaa na redio magotini. Ikapiga nyimbo, ikatangaza misiba, ikasifia sabuni. Jumatano ikawa hivyo hivyo. Alhamisi jibu likaja kwa bahasha yenye muhuri: Nashoni amefungiwa msimu wote, na kwa kuwa mkataba wake umebaki miaka miwili, hataruhusiwa kuchezea timu nyingine mpaka klabu itakapoona inafaa.

Machage akaenda ofisini. Nikolaus alikuwa anakunywa chai.

"Karibu mzee wangu. Nikumiminie?"

"Umetajwa. Mbona hukusimama?"

"Nisimame wapi?" Nikolaus akacheka, na kweli ilimchekesha. "Hata sikusikia, mzee, nilikuwa safari. Nimesimuliwa tu. Katiba yetu inasema mchezaji asiyeridhika aandike barua."

"Angeandika, ungejibu?"

"Ningeipokea."

Siku ya mechi ya Mugumu Nashoni alishinda nyumbani, amelala kifudifudi. Mpira ulipokwisha Faridu akampigia Machage simu.

"Wamekuja, mzee. Wakamuulizia yule namba tano mrefu waliyemwona mwaka jana. Nikasema amefungiwa. Wakauliza kwa nini, nikawaambia. Wakaangaliana. Wamemchukua beki wa Mugumu."

Wiki iliyofuata Nashoni akaenda Nyakunguru kuchimba dhahabu mashimoni. Viatu vya mpira vikabaki vinaning'inia kwenye msumari.

Machage hakukubali. Aliwafuata wazee akaomba ritongo liitishwe, maana Nikolaus naye ni mtu wa ukoo huo huo. Wazee wakatuma wito. Siku ilipofika wanaume wakaketi kwenye nyasi karibu na shule. Nashoni akaja, vumbi la shimoni bado limemganda masikioni.

Machage alisema kila kitu, akamtaja Nikolaus mara tatu. Mzee Mokami, mkubwa wa baraza, akaita: "Nikolaus asimame."

Hakusimama mtu.

"Ametuma neno?"

"Ametuma soda," sauti ikatoka nyuma, na watu wakacheka. Kreti zilikuwepo kweli. Machage hakuwa ameziona. Sasa akaona chupa mikononi mwa wazee, na moja kati ya miguu ya Mokami mwenyewe.

"Aliyetajwa hayupo," Mokami akasema. "Na aliyefungiwa ni kijana, wewe ni baba tu. Nashoni, una neno?"

Nashoni akasimama. "Ninalo. Mimi nilijua redio siyo ritongo, na nilikuwa nimekubali kunyamaza. Ninayemlalamikia yupo hapa. Ni baba yangu, Machage."

Safari hii hakuna aliyecheka. Machage aliangalia huku na huku kama aliyetajwa ni mwingine. Lakini sheria ni ile ile aliyoililia. Akajisukuma kwa mikono, akasimama.

"Gari la klabu," akaanza, "siku ile Eunice..."

"Hatujakuuliza gari." Mokami aliongea taratibu, karibu kwa huruma. "Kijana alitaka kunyamaza. Wewe ukamsukuma aseme. Ndiyo au hapana?"

Kizibo kikalia mahali. Machage akamtazama mwanawe. Alikuwa amesimama wima kama siku ile ya kisu, kope haichezi.

"Ndiyo," akasema.

Akangoja aambiwe akae. Hakuna aliyemwambia.